Kioo Kisichoona: Habari za Pampu ya Maji ya Motokaa

Wenye daftari na wafungue daftari zao. Asiyeweza bado kuandika upesi asihangaike. Maneno yote ya somo hili yamepigwa chapa, nanyi mtayasoma pole pole darasani pamoja na mwalimu wenu.

Leo tutazungumza juu ya kitu kidogo sana. Chaenea katika kiganja cha mkono. Kimejificha chini ya boneti ya motokaa, au nyuma ya bampa, na madereva wengi hawajakitia machoni hata siku moja. Kitu hicho ni pampu ndogo inayorusha maji juu ya kioo cha mbele, ili kioo kioshwe wakati gari linakwenda.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Mwalimu, mimi sina motokaa. Habari hizi zanihusu nini?" Ndugu yangu, zinakuhusu sana. Wewe hupita njiani kwa miguu. Huendesha baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Hupanda basi kwenda hospitali, na watoto wako hutembea kando ya barabara kwenda shule. Kioo ni cha mwenye gari, lakini roho zilizo mbele ya kioo hicho ni zenu.

Sehemu ya Kwanza: Njia zetu

Kabanga iko mpakani. Ng'ambo ya mpaka ni Kobero, katika nchi ya Burundi. Malori yatokayo Dar es Salaam na shehena za Burundi hupita hapa mchana na usiku. Nchi yetu hii ya Ngara ni ya vilima. Barabara hupanda, hushuka, kisha hupinda.

Wakati wa mvua, magari huingia katika barabara kuu yakitoka njia za vijijini, nayo huacha matope mekundu juu ya lami. Lori linalotangulia huyarusha matope hayo nyuma, nayo huangukia kioo cha gari linalofuata. Wakati wa kiangazi hali ni nyingine, maana vumbi hutanda juu ya kioo kama unga. Jioni, dereva anayekwenda upande wa Kobero hulikabili jua linalotua. Jua likipiga juu ya kioo chenye vumbi, kioo chote hugeuka cheupe, na dereva haoni kitu.

Dereva huyo atafanya nini? Atawasha waipa, yaani kile kifutio cha kioo chenye mpira. Lakini waipa ikipita juu ya matope bila maji, haifuti. Inapaka, kama mtu anayekandika nyumba. Na ikipita juu ya vumbi kavu, chembe za mchanga hukikwaruza kioo, na mikwaruzo hiyo haitoki tena. Basi waipa peke yake haitoshi. Inataka maji. Na maji yanataka kitu cha kuyasukuma.

Sasa tutazame jinsi watu walivyofika hapo. Haikuwa kwa siku moja.

Sehemu ya Pili: Mama mmoja na mwendesha baiskeli mmoja

Motokaa za kwanza kabisa hazikuwa na kioo cha mbele. Dereva alivaa miwani mikubwa, na vumbi lote lilimpiga usoni. Kioo kilipowekwa, dereva alipata kinga, lakini alipata pia taabu mpya. Mvua ikinyesha, kioo hujaa matone. Madereva walikuwa wakisimamisha gari, wakashuka, wakafuta kioo kwa kitambaa, kisha wakaendelea. Wengine walitoa kichwa nje wakaendesha huku wamelowa.

Huko Marekani, katika jimbo la Alabama, alikuwako mama mmoja aitwaye Mary Anderson. Alipozuru mji wa New York wakati wa baridi, alipanda gari la abiria liendalo juu ya reli za mjini. Theluji ilikuwa ikianguka, na kioo cha dereva kilizibika. Mama huyu aliona jinsi dereva alivyopata taabu kuiona njia. Akabuni mkono wenye mpira, unaosogezwa kwa mtaimbo mdogo kutoka ndani ya gari. Tarehe 10 Novemba 1903 serikali ya Marekani ilimpa hati ya kuitambua kazi yake.

Je, alitajirika? La. Kampuni aliyoiandikia ilimjibu kwamba kitu hicho hakina faida ya biashara. Mwaka 1920 muda wa hati yake ulikwisha, naye hakuwa amepata fedha kwa kazi hiyo. Lakini katika miaka iliyofuata waipa zikawa jambo la kawaida katika motokaa. Mara nyingi mwenye kuona haja huwa mmoja, na wenye kufaidi huwa wengine.

Hadithi ya pili ni ya mtu aitwaye John Oishei, wa mji wa Buffalo, huko huko Marekani. Usiku mmoja wa mvua alikuwa akiendesha motokaa yake, naye kwa sababu ya maji juu ya kioo hakumwona mtu aliyekuwa juu ya baiskeli. Akamgonga. Kwa bahati njema mtu huyo hakufa. Lakini Oishei hakulisahau jambo hilo. Mwaka 1917 alianzisha kampuni ya kutengeneza vifutio vya kioo, ambayo baadaye iliitwa Trico. Kumbukeni basi: kampuni hiyo kubwa ilizaliwa kwa sababu ya mwendesha baiskeli asiyeonekana. Nanyi mnajua ni baiskeli ngapi zinazopita katika vilima vyetu.

(Hapa kuna muziki kidogo. Msomaji mmoja asome tena sehemu ya pili kwa sauti.)

Sehemu ya Tatu: Waipa iliyochoka mlimani

Waipa za kwanza zilisukumwa kwa mkono. Dereva alishika usukani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alisukuma waipa. Hii ilikuwa kazi ya hatari. Kwa hiyo mafundi wakatafuta nguvu nyingine.

Nguvu waliyoitumia mwanzo ni pumzi ya injini. Injini ya petroli inapofanya kazi huvuta hewa kwa nguvu, kama mtu anayefyonza maji kwa mrija. Mafundi waliunganisha mpira kutoka kwenye injini hadi kwenye waipa, na mvuto ule ukaichezesha waipa. Jambo hili lilikuwa la akili, lakini lilikuwa na kasoro. Gari likipanda mlima, dereva hukanyaga mafuta sana, na hapo mvuto wa injini hupungua. Basi waipa ilienda pole pole, na mara nyingine ilisimama kabisa. Mkipiga picha ya mvua kubwa, gari lenye mzigo, na kilima kama vilima vya Ngara, mtaona shida hiyo. Hapo macho yanapotakiwa zaidi, ndipo waipa ilipochoka.

Mwaka 1926 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa waipa inayoendeshwa na mota ya umeme. Umeme wa betri haujali mlima wala tambarare. Hata hivyo, waipa za mvuto wa injini ziliendelea kutumika katika magari mengi kwa miaka mingi, kwa sababu zilikuwa rahisi.

Sehemu ya Nne: Maji yanapata njia

Waipa ilipopata nguvu, ndipo watu walipotambua lile tulilolisema mwanzo, kwamba mpira mkavu hauondoi matope. Dereva alichukua chupa ya maji na kitambaa. Akisimama, humwaga maji, hufuta, kisha huendelea.

Mwaka 1936 kampuni ile ile ya Trico ilitoa chombo cha kurusha maji juu ya kioo. Kulikuwa na kopo la maji chini ya boneti, mpira mwembamba wa kupitishia maji, na vitundu vidogo mbele ya kioo. Tangu hapo vyombo vya namna nyingi vilitokea. Vingine vilitumia mvuto wa injini. Vingine vilikuwa na kitufe ambacho dereva alikibonyeza kwa kidole, au mpira wa mviringo aliokanyaga kwa mguu, na maji yakaruka.

Kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilikuwa na shauri la ajabu katika zile gari zake ndogo za mgongo wa kobe. Katika miaka ya 1960 zilitumia upepo wa gurudumu la akiba! Gurudumu hilo hukaa mbele, karibu na chupa ya maji. Mpira mwembamba ulitoka kwenye gurudumu ukaingia katika chupa, na upepo ukayasukuma maji hadi kwenye kioo. Ili gurudumu lisiishe upepo wote, iliwekwa vali ya kufunga njia upepo ukipungua. Chombo hiki hakikuhitaji mota wala umeme. Lakini dereva aliyesahau kujaza upepo hakupata maji.

Mwisho ikaja pampu ya umeme, ndiyo tunayoitumia hata leo. Ndani yake mna mota ndogo na kigurudumu chenye mapezi. Ukivuta au ukibonyeza kijiti kilicho karibu na usukani, umeme hufika, kigurudumu huzunguka, na maji hurushwa. Tangu mwaka 1968 sheria ya Marekani iliagiza kwamba motokaa mpya za abiria ziwe na chombo cha kuoshea kioo. Kitu kilichokuwa pambo kikawa lazima.

Sehemu ya Tano: Matope ya Afrika ya Mashariki

Msidhani kwamba habari za kioo ni za ng'ambo tu. Mwaka 1953 yalianza mashindano makubwa ya motokaa katika Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Baadaye yakajulikana kama Safari Rally. Yalifanyika wakati wa Pasaka, na Pasaka ni majira ya mvua za masika. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na yakamaliza 7 vile vile. Mengine yalizama, mengine yalivunjika. Matope na vumbi la kwetu yaliwafundisha watengenezaji wa magari wa Ulaya na Japani mambo ambayo njia zao za lami hazikuweza kuwafundisha.

Lakini mashindano ni mchezo. Wilaya yetu ilipata siku ambazo hazikuwa mchezo. Mwezi wa Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa, wakimbizi wengi waliingia nchini kwetu. Kisha tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo, hapa hapa wilaya ya Ngara, wakikimbia mauaji. Wakapiga kambi Benaco. Watu wote hao walitaka kula, na chakula kililetwa kwa malori.

Hebu mfikirieni dereva wa lori la chakula katika siku kama zile. Ni mwezi wa masika. Kando ya njia kuna watu wengi wanaotembea kwa miguu, akina mama wenye watoto mgongoni, na wazee wenye mizigo kichwani. Mbele yake kuna lori lingine linalorusha matope. Dereva wa namna hiyo asipoona kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, gari lake limekwisha kwenda mbali. Gari linalokwenda kilometa 60 kwa saa hupita meta 50 katika muda huo. Hesabuni hatua 50 ndefu kutoka mlangoni pa darasa lenu, mtaona. Hapo ndipo thamani ya pampu ndogo inapojulikana.

(Muziki kidogo. Nendeni nje mkapime meta 50, kisha mrudi.)

Sehemu ya Sita: Maji yasiporuka

Sasa tuseme dereva ni ndugu yako, au wewe mwenyewe ni utingo wa basi, au kijana anayejifunza kazi katika gereji. Unabonyeza kijiti, waipa inacheza, lakini maji hayatoki. Watu wengi husema mara moja, "Pampu imekufa," wakaenda kununua nyingine. Wakiifunga hiyo mpya, maji bado hayatoki, na fedha zimekwisha kwenda. Haraka haraka haina baraka.

Historia tuliyoisoma inatupa utaratibu mzuri: anza na cha kale, malizia na kipya. Maji yalikuja kwanza, kisha mpira na vitundu, kisha pampu, na umeme mwisho. Kagua hivyo hivyo.

Kwanza, tazama maji. Fungua kifuniko cha kopo. Je, maji yamo? Ukijaza na maji yakamwagika chini, kopo limepasuka, au mpira wa kuzibia umelegea.

Pili, sikiliza. Zima injini ili pawe na kimya, lakini washa swichi ya ufunguo. Mwambie mwenzako abonyeze kijiti, nawe tega sikio karibu na kopo la maji. Ukisikia mlio mdogo kama wa nyuki, umeme unafika na mota inazunguka. Basi tatizo huenda liko katika njia ya maji. Usiposikia kitu, huenda tatizo liko katika umeme au katika pampu yenyewe.

Tatu, ikiwa mlio upo, fuata maji. Chomoa mpira unaotoka kwenye pampu, mwenzako abonyeze tena. Maji yakiruka hapo, pampu ni nzima. Mpira ulioko mbele umekatika, umepindika au umechomoka, au vitundu vimezibwa na vumbi. Zibua vitundu kwa sindano nyembamba, kwa taratibu, usivipanue. Lakini maji yasiporuka hapo kwenye pampu, ichomoe uitazame. Mara nyingi chujio lililo mlangoni mwake limejaa matope. Lisafishe, jaribu tena. Ikiwa bado haitoi maji, pampu imechakaa ndani.

Nne, ikiwa mlio haupo, tazama fyuzi. Kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi kuna picha na herufi. Hapa ndipo kujua kusoma kunapookoa fedha. Tafuta picha ya kioo chenye maji yanayoruka. Fyuzi ikiwa imeungua, weka nyingine yenye namba ile ile. Palipoandikwa 15 usiweke 30, wala usiweke kipande cha waya. Magari yameteketea kwa sababu hiyo. Na fyuzi mpya ikiungua tena, usiendelee kubadilisha, tafuta kwanza waya uliochubuka au pampu iliyoungua.

Tano, fyuzi ikiwa nzima, chomoa plagi ya pampu. Shika taa ndogo ya kupimia umeme, uiguse kwenye ncha mbili za plagi huku mwenzako anabonyeza. Taa ikiwaka, umeme unafika, na pampu ndiyo mbovu. Taa isipowaka, pampu mpya haitakusaidia. Ubovu uko katika waya au swichi. Angalia pia kutu katika plagi, maana maji ya njiani huingia humo.

Sehemu ya Saba: Kuweka pampu mpya

Ukishahakikisha kwamba pampu imekufa, kazi ya kuibadilisha si ngumu. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, uzilinganishe. Uliza pia nguvu ya umeme. Motokaa ndogo hutumia volti 12, malori mengi makubwa hutumia volti 24. Pampu ya volti 12 ikifungwa kwenye lori la volti 24 huungua upesi.

Ondoa waya wa hasi wa betri. Weka beseni chini ya kopo, maana maji yatamwagika. Chomoa plagi ya umeme kwa kubonyeza kishikizo chake, usivute waya. Chomoa mpira wa maji. Ikiwa mipira ni miwili, mmoja wa kioo cha mbele na mmoja wa nyuma, tia alama ili usiibadilishe. Sasa ivute pampu kwa mkono huku ukiitikisa kidogo, nayo itatoka katika mpira wa kuzibia.

Osha kopo, toa tope lote. Tazama mpira wa kuzibia. Ukiwa umepasuka, weka mpya. Ulowanishe kwa maji safi, usiupake mafuta ya injini, maana mafuta hayo huulainisha ukaharibika. Isukume pampu mpya mpaka ikae sawasawa. Rudisha mipira, plagi na waya wa betri. Jaza maji kabla ya kujaribu, kwa kuwa pampu hupozwa na maji yenyewe. Ukiiendesha kavu kwa muda mrefu, huharibika.

Mwisho, itunze. Maji ya mtoni yachujwe kwa kitambaa safi. Asubuhi, dereva anapotazama maji ya rejeta na oili, atazame na maji ya kioo. Jambo hilo ni la dakika moja. Nawe abiria, ukiona dereva anaendesha huku kioo kimetanda matope, una haki ya kusema kwa heshima, "Ndugu dereva, tafadhali simama tuoshe kioo." Maji ya chupa moja na kitambaa, kama walivyofanya wazee wa motokaa, bado yanafaa.

Maneno ya kujifunza: pampu, mota, fyuzi, plagi, vali, volti, chujio, kukwaruza, utaratibu.

Maswali ya darasa:

1. Kwa nini waipa kavu haiondoi matope?

2. Kwa nini waipa za zamani zilisimama gari lilipopanda mlima?

3. Ni tukio gani lililomfanya John Oishei aanzishe kampuni yake?

4. Umesikia mlio wa pampu lakini maji hayaruki. Utakagua nini?

5. Jadilianeni: katika njia ya kijiji chenu, ni mahali gani dereva asiyeona vizuri anaweza kuleta msiba, na ninyi mnaweza kufanya nini?

Andikeni majibu katika daftari, msomeane. Kwa leo tuishie hapo. Kwaherini, na muwe salama njiani.